Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Risiti nyingi za maduka ya Afrika Mashariki zina mstari ule mdogo chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi. Anayeonywa ni mteja. Katika maduka ya vitabu vya katuni ya Marekani, onyo hilo hupewa mwenye duka. Akiagiza nakala 20 za toleo jipya la Batman na zikafika 20, zimekuwa zake, ziuzike zisiuzike. Duka la katuni likifungwa, watu husema vijana siku hizi hawasomi, au simu zimewameza. Hayo yapo. Lakini ukienda kuhesabu mali ya duka lililokufa, mara nyingi unachokikuta ni stoo iliyofurika. Wateja walikuwapo na mauzo yalikuwapo, ila faida yote imelala kwenye masanduku ya kadibodi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani katuni za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, kwa utaratibu anaoujua muuza magazeti yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi: kisichouzika kinarudi kwa wakala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Phil Seuling, mwalimu wa sekondari wa Brooklyn aliyekuwa pia mwandalizi wa mikutano ya mashabiki wa katuni, alikubaliana na wachapishaji kwamba maduka maalumu yapate mzigo moja kwa moja, kwa punguzo kubwa zaidi, ila kurudisha hakuna. Kwa wakati ule ilikuwa akili. Toleo liliuzwa senti 20, na nakala iliyobaki iliwekwa sandukuni ikasubiri mtu anayetafuta toleo la nyuma, ambaye mara nyingi alilipa zaidi ya bei ya jalada. Leo toleo ni dola 3.99 au 4.99, mengine yanapita hapo, na nakala iliyokaa miezi sita huishia kwenye sanduku la dola moja. Sharti limebaki lilelile. Kilichobadilika ni thamani ya kinachobaki.

Piga hesabu. Toleo la dola 4.99, msambazaji anakupa kwa nusu ya bei ya jalada. Nakala 10 zinakugharimu dola 24.95. Nakala tano za kwanza zinarudisha mtaji, faida inaanzia kwenye ya sita. Ukiuza nane umepata dola 14.97, na humo ndimo inamotoka kodi ya pango, mshahara, umeme, bima, na makato ya mashine ya kadi. Ukiuza sita, umebaki na dola 4.99 na nakala nne mkononi. Sasa chukua duka dogo ambalo manunuzi yake hayafikii kiwango, likapewa punguzo la asilimia 40 tu. Nakala 10 zilezile zinaligharimu dola 29.94, kwa hiyo ya sita ndiyo inayorudisha mtaji, na bado hujalipa usafirishaji. Kwa punguzo la nusu, nakala moja iliyolala inakula faida ya nakala moja iliyouzwa. Kwa asilimia 40 inakula faida ya nakala moja na nusu.

Kinachowaponza wengi ni nakala za tahadhari. Mwenye duka anajua toleo fulani lina wanunuzi sita, anaagiza nane, asije mtu akakosa. Nakala mbili tu, nani ataona? Lakini duka la kawaida huagiza kwa urahisi matoleo 60 kwa wiki. Nakala mbili za tahadhari kwa kila toleo ni karibu dola 300 kwa wiki, na kwa mwaka zinapita dola 15,000. Hiyo ni kodi ya pango ya miezi kadhaa, imegeuka karatasi. Tahadhari iwekwe pale ambapo daftari la mauzo limeonyesha watu wapya hutokea, labda matoleo matano au sita kati ya 60. Kwingine, mteja akikosa, chukua jina lake umwagizie nyongeza kama msambazaji bado anayo. Kumkosesha mtu toleo moja kunaudhi, lakini hakufungi duka.

Ugumu wa pili ni muda. Oda ya kwanza huwekwa kama miezi miwili kabla, kwa kusoma maelezo ya mchapishaji tu. Halafu kuna siku ya kufunga oda, kwa kawaida wiki tatu hadi nne kabla toleo halijafika, ambapo bado unaweza kupunguza au kuongeza. Ikipita, umefungwa. Sasa fikiria mfululizo mpya. Siku namba 1 inapopangwa rafuni, oda ya namba 2 ama imeshafungwa ama inafungwa wiki hiyohiyo. Namba 1 hununuliwa na waonjaji, namba 2 na waliopenda walichoonja, na namba 3 ndiyo inayokuonyesha wateja wa kweli. Ukiagiza namba 2 kwa kiasi cha namba 1 umejichongea. Namba 1 ikipewa nakala 20, anza namba 2 na 12 na namba 3 na 10, kisha acha mauzo yazungumze. Hadithi fupi ya matoleo matano ndiyo mbaya kupita zote: ukipata takwimu za kuaminika, hadithi imekwisha.

Kwa sababu hiyo daftari la mauzo lina maana kuliko mashine ya kisasa ya kaunta, ingawa mashine husaidia. Kila toleo lina mstari wake: umeagiza ngapi, zimebaki ngapi mwisho wa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hesabu nakala zilizopo rafuni kwa mkono, usitegemee kichwa, maana kichwa hukumbuka kilichoisha na kusahau kilichokaa. Mauzo mengi ya toleo la kila mwezi hutokea katika wiki mbili za kwanza, na namba inayofuata ikitoka, iliyotangulia imezeeka. Andika pia tarehe kitu kilipoisha. Toleo lililoisha siku ya kwanza halijakuambia lilikuwa na wanunuzi wangapi, limekuambia tu kwamba walizidi nakala zako. Wanaokuja kuuliza wakakosa, wape safu yao.

Kisha kuna wateja wa kuwekewa. Mteja anaandikisha mifululizo anayoifuata, duka linamwekea kila inapotoka, naye anapita kuichukua. Ndio uti wa mgongo wa biashara hii, kwa sababu oda yao haina bahati nasibu. Na ndio wanaoweza kuuvunja huo uti. Chukua mtu wa matoleo manane kwa wiki. Akipotea wiki sita, kwenye sanduku lake kuna nakala 48, yaani karibu dola 120 ulizokwisha kulipa. Wengi wanaona hapo tu. Kwa kuwa oda hufungwa karibu mwezi mmoja kabla, siku unayoamua kumfuta, matoleo yake ya wiki tatu au nne zijazo yameshaagizwa na yako njiani. Hasara halisi ni ya wiki tisa au kumi.

Dawa yake ni sheria zinazosemwa siku ya kwanza, kwa upole, na kuandikwa kwenye fomu. Namba ya simu na namba ya kadi ya benki. Wiki mbili bila kuonekana, ujumbe mfupi. Wiki nne, unaacha kumwagizia na kumwekea, na vilivyomo sandukuni vinarudi rafuni vikiwa bado vina joto. Usingoje miezi mitatu kwa kuona haya. Wenye maduka huona haya sana katika jambo hili, kwa sababu mteja wa miaka kumi ameshakuwa ndugu, na ndugu anayepitia shida huwezi kumdai. Mteja kama huyo mpunguzie orodha badala ya kumfuta: matoleo manane yawe matatu, akipata nafuu ataongeza mwenyewe. Na punguzo la asilimia 20 kwa kila mteja wa kuwekewa, ambalo maduka mengi hulitoa kwa mazoea, linakata vibaya. Katika toleo la dola 4.99 umeachia dola moja kati ya faida ya dola mbili na nusu. Bora umpe bure mfuko wa plastiki na kadibodi ya kuzuia nakala isikunjike.

Mtego mwingine ni majalada mbadala. Mchapishaji anatoa hadithi ileile yenye jalada tofauti la nadra, na duka linaruhusiwa nakala moja kwa kila nakala 10, 25, 50 au 100 za kawaida linazoagiza. Tufanye una wanunuzi 12 wa toleo la dola 4.99, nawe unatamani lile la moja kwa 25. Unaagiza 25 kwa dola 62.38. Unauza 12 kwa dola 59.88, na lile jalada la nadra unaliuza dola 30. Faida ni dola 27.50, tukichukulia kwamba jalada hilo lenyewe halikukugharimu kitu. Kama ungeagiza 13 tu, moja ya ziada, ungetumia dola 32.44, ukauza 12 zilezile, ukabaki na dola 27.44. Yaani umefukuzana na mnunuzi wa jalada, umeweka rehani karibu mara mbili ya mtaji, na umejaza stoo nakala 13, kwa ajili ya senti sita. Na hapo ni kama dola 30 imepatikana. Maduka makubwa ya mtandaoni yanayoagiza mamia hulimwaga jalada hilohilo sokoni siku ileile, na bei yake inaweza kushuka kabla hujafungua sanduku lako. Kanuni ni moja: agiza kwa ajili ya wasomaji, na jalada la nadra likija kwa kuwa idadi yako ilishafika yenyewe, mshukuru Mungu. Wa kulihitaji awe amelipa kabla ya siku ya kufunga oda.

Anayetaka kujua mtego huu unaishia wapi asome habari za miaka ya 1990. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ilitoka na majalada matano, na maduka yakaagiza nakala zaidi ya milioni nane. Novemba 1992 likaja toleo la kifo cha Superman, limefungwa kwenye mfuko mweusi, na watu wakapanga foleni. Wengi wao hawakuwa wasomaji bali walanguzi, waliosikia kwamba katuni za zamani zinauzwa kwa maelfu. Hawakujiuliza kwa nini. Zile za zamani ni ghali kwa sababu mama wa watu walizitupa jalalani, ilhali za 1992 zilihifadhiwa kwa mamilioni, safi, kila moja na kadibodi yake. Walanguzi walipoondoka, maduka yalibaki na mzigo yaliouagiza miezi miwili nyuma kwa kuamini foleni zingeendelea, na yakafungwa kwa maelfu. Mpaka leo X-Men namba 1 ile hukutwa kwenye masanduku ya bei chee.

Anguko hilo liliacha pia jeraha kwa wasambazaji. Marvel, mchapishaji wa X-Men, ilinunua msambazaji wake yenyewe, Heroes World, mwishoni mwa 1994, wachapishaji wengine wakakimbilia kampuni ya usambazaji ya Diamond ya Maryland, na mpango wa Marvel ulipoporomoka mwaka 1997, Diamond ikabaki karibu peke yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini duka lilipokea mzigo mmoja na ankara moja. Watu walilalamika juu ya kumtegemea mtu mmoja, na walikuwa na haki. Aprili 2020, kwa sababu ya korona, Diamond ilisimamisha kusafirisha mali mpya, na maduka ya Marekani yakakaa hadi karibu mwisho wa Mei bila mzigo wake. DC, mchapishaji wa Batman na Superman, ikaondoka mwaka huohuo, na baadaye mali yake ikawa inapita kwa msambazaji mwingine, Lunar. Marvel ikahamia kampuni ya vitabu ya Penguin Random House Oktoba 2021, wengine wakafuata. Januari 2025 Diamond ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Mtu wa nje ataona ushindani umerudi, basi heri. Kwenye kaunta hali ni nyingine. Punguzo lililopatikana kwa kukusanya manunuzi yote sehemu moja limegawanyika. Usafirishaji unalipwa mara kadhaa, kila mmoja na tarehe zake za kufunga oda, tovuti yake, na siku yake ya kudai. Kazi ya kuagiza iliyochukua jioni moja sasa inakula siku nzima ya wiki. Wachapishaji wadogo ndio walioumia zaidi. Wengi walikuwa wameweka vitabu vyao kwenye ghala la Diamond kwa mali kauli, alipwe mwenye kitabu kinapouzwa, na kampuni ilipofilisika wakajikuta mahakamani wakigombania mali waliyoihesabu kuwa yao. Kwa duka, funzo la vitendo ni kuwa na akaunti hai kwa wasambazaji wawili au watatu hata kama mmoja hutumii kila wiki, kwa sababu kufungua akaunti mpya huchukua muda, na mgeni kwa kawaida hutakiwa kulipa kabla.

Mzigo wenyewe unapofika, kabla ya siku ya mauzo, ndipo pesa nyingine inapodondoka bila kelele. Kata utepe kwa kisu kifupi, maana kisu kirefu kinakwenda mpaka kwenye jalada la juu. Nakala za juu na za chini kabisa ya sanduku ndizo huumia kwanza: kona zimebonyea, au mgongo una mikunjo midogo karibu na pini kama alama za kucha. Msomaji wa kawaida hatajali, lakini mkusanyaji atapekua mpaka nakala ya tano na kuacha nne. Hesabu kila toleo dhidi ya ankara palepale, anza na yale ya bei kubwa na majalada ya nadra, piga picha kilichoharibika pamoja na sanduku lilivyofika, na upeleke madai siku ileile. Msambazaji huweka siku chache tu za kupokea malalamiko. Kinachorudi kwa kawaida ni salio kwenye akaunti, si fedha, na si lazima nakala nyingine: toleo likiwa limeisha kwao, mteja wako wa kuwekewa amelikosa. Kwa hiyo nakala safi zigawiwe kwanza kwenye masanduku ya kuwekewa, ndipo rafu ipangwe.

Kinacholipa pango mara nyingi siyo matoleo mapya. Ni vitabu vizima, vile vinavyokusanya matoleo matano au sita, pamoja na manga, yaani katuni za Kijapani, kwa sababu haviozi: kitabu cha kwanza cha mfululizo mzuri kinauzika mwaka huu na mwaka ujao, nawe unaagiza kimoja kila kimoja kinapotoka. Vingi hupatikana pia kwa wasambazaji wa vitabu vya kawaida wanaokubali kurudishiwa, hata kama punguzo lao ni dogo kidogo. Kwa kitu usichokijua, punguzo dogo lenye ruhusa ya kurudisha ni bora. Kadi za kuchezea zimeokoa maduka mengi tangu Magic: The Gathering ilipotoka mwaka 1993, na Pokémon baada yake, ingawa faida kwa pakiti ni nyembamba na wachezaji wanataka meza, viti, na choo kinachofanya kazi. Meza sita zinachukua nafasi ya rafu nne. Pima kwanza.

Matoleo ya zamani yana faida nzuri kuliko yote, kwa sharti ununue kwa akili. Mtu analeta masanduku ya marehemu baba yake. Ndani kuna vitabu vitatu vya maana na mia mbili za kawaida. Vile vitatu vilipe vizuri, hata nusu ya utakachouzia au zaidi, maana vitatoka upesi. Zile mia mbili ni senti chache kila moja, na umweleze kwa nini. Sanduku refu lililojaa ni mzigo wa kuvunja mgongo na linashika takriban nakala 250. Kuzivisha zote mifuko mipya na kadibodi kunaweza kukugharimu senti 10 hadi 20 kwa kila nakala, mbali na saa za mfanyakazi. Kwa hiyo kitabu cha sanduku la dola hakivishwi kadibodi. Kipangwe kwa herufi, kikae chini ya usawa wa kiuno, na kila mwezi ubadilishe masanduku ya mbele na ya nyuma. Wateja wakiona sanduku lilelile mara mbili hawaligusi tena.

Halafu kuna siku ya katuni za bure, iliyoanza mwaka 2002 kwa wazo la Joe Field, mwenye duka la Flying Colors huko Concord, California. Kwa miaka mingi imefanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei, na kwa mteja ni bure kweli. Duka hulilipia kila kitabu, kwa senti kadhaa, pamoja na usafirishaji. Inalipa pale tu duka linapokuwa na kitu cha kuuza kwa mzazi aliyeingia na watoto wawili: vitabu vya watoto vikae mlangoni wiki hiyo, si nyuma ya sanamu za dola 80.

Na mwisho wa mwaka usisahau kodi ya mapato. Kwa hesabu za kawaida, nakala iliyobaki dukani ni mali, siyo gharama. Ulimlipa msambazaji, lakini huwezi kuitoa kwenye faida mpaka iuzwe au ifutwe kwenye vitabu. Ndiyo sababu duka linaweza kuonyesha faida ya dola 12,000 kwenye karatasi, likadaiwa kodi yake, ilhali benki hamna kitu na stoo haipitiki. Kabla ya Desemba kuisha, toa masanduku, uza kwa bei ya kutupa, na chochote utakachokifuta kiwe na orodha: jina, namba, idadi, tarehe. Mhasibu asiyeijua biashara hii atakuuliza kwa nini unatupa mali. Mwonyeshe daftari la mauzo.

Asiyefanya hivyo, mali yake huthaminiwa siku duka linapofungwa. Mnunuzi wa jumla huja na gari lake la mizigo na kupita katikati ya stoo bila kufungua mfuko hata mmoja. Haulizi kuna matoleo gani. Anauliza ni masanduku mangapi.